Rundo la Kusoma

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imeanza saa nne asubuhi. Kina cha maji shimoni ni sentimita sitini. Pampu zote nne zimelala.

Daftari hili ni langu. Lile la zamu ni la ofisi, nalo halina mahali pa kuandika kwamba mtu amekumbuka jambo. Leo paa limevuja juu ya kiti changu, nikahamia kwenye kiti cha mdogo wangu. Hii ni wiki ya sita tangu tumzike. Kiti chake kina mguu mmoja mfupi, na chini ya mguu huo bado kuna kile kipande cha katoni alichokikunja mara nne. Nilikaa taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala.

Jumanne, 5 Machi

Mvua mchana kutwa. Mita moja na kumi.

Alhamisi, 7 Machi

Meneja amekuja kituoni na binti mmoja aliyekumbatia kompyuta kifuani kama mtoto mchanga. Ni mtaalamu wa programu. Nilimweleza kituo kilivyo: mitaro ya bondeni inaleta maji ya mvua kwenye shimo letu, pampu zinayavuta na kuyarusha mtoni, ng'ambo ya tuta. Tukizubaa, bondeni wanaogelea. Zamani mimi nilikuwa nasoma rula ya chuma iliyopigiliwa ukutani mwa shimo, kisha nampigia kelele fundi, naye anawasha. Miaka mitatu iliyopita mdogo wangu aliandika programu inayofanya yote hayo yenyewe. Nikabaki kusoma rula mara mbili kwa siku, saa mbili asubuhi na saa nane mchana. "Kwa usalama, Dada," alisema, lakini nadhani alitaka tu nisikose kazi. Sisi nyumbani tulimwita Kitinda, kwa kuwa alikuwa wa mwisho, na jina likamfuata mpaka kazini.

Meneja alisema mbele yangu, "Aliyeandika hii programu hayupo. Siwezi kuacha mitaa mizima mikononi mwa mtu ambaye siwezi kumpigia simu." Kisha akanigeukia. "Samahani, mama. Lakini unanielewa."

Nikasema namwelewa.

Mtaalamu amepewa muda mpaka mwisho wa mvua. Aorodheshe kila mbinu iliyomo ndani ya programu, aziainishe, aandike ripoti. Ikieleweka, programu inabaki. Isipoeleweka inatupwa, tunaletewa nyingine.

Walipoondoka, fundi wetu wa pampu, ambaye kila mtu humwita Grisi, alinipa kikombe cha chai chenye alama ya kidole gumba cheusi. "Usinune, dada. Huyo bosi hata mwavuli wake anafunguliwa na dereva."

Jumatatu, 11 Machi

Mtaalamu amechapisha programu yote kwenye karatasi, akaziweka mezani. Akasema, "Mama, wewe ulikuwa unakaa naye hapa. Nisaidie."

"Mimi nimeishia kidato cha pili, mwanangu."

"Sihitaji kidato. Nahitaji mtu anayejua alikuwa anawaza nini."

Basi akanifundisha. Klasi, alisema, ni kama ile karatasi ya fundi cherehani ya kukatia shati. Karatasi si shati, lakini mashati yote yanatoka kwenye karatasi hiyo. Kitinda aliandika klasi moja akaiita Pampu, na kutoka humo zikazaliwa pampu nne ndani ya kompyuta, kila moja na namba yake na hali yake. Mbinu ni zile kazi ambazo kila pampu inajua kuzifanya ikiitwa. Nazo hazifanani. Kuna za kuunda, zinazoileta pampu duniani na kuipa namba. Kuna za kufuta, zinazoiaga ikiondolewa. Kuna za kusoma, zinazouliza hali na kuiacha vilevile. Kuna za kubadili. Kuna za klasi nzima, ambazo haziulizi pampu yoyote, kama ile ya kutaja idadi ya pampu. Na kuna za ndani, zinazozisaidia nyingine lakini hazionekani nje, kama watu wa jikoni ambao wageni hawawajui.

"Kubwa kuliko yote ni kutenganisha kusoma na kubadili," alisema. "Ya kusoma unaweza kumpa yeyote. Aiite hata mara elfu, hakuna kitakachosogea. Ya kubadili unampa mwenye sababu."

Tumekata katoni tukapata kadi sitini na tatu. Kadi moja, mbinu moja. Nimeandika majina kwa mkono wangu. Kitinda alikuwa anaunganisha maneno mawili, la pili akilianza kwa herufi kubwa: washaPampu, zimaPampu, hesabuSaa. Yamekaa kama watu walioshikana mikono kuvuka barabara. Ndivyo nilivyokuwa nikimvusha kwenda shule.

Jumatano, 13 Machi

Nimeanza kuainisha watu, sijui kama ni dhambi. Grisi ni wa kubadili, hapiti mahali bila kuacha mkono mweusi. Meneja ni wa klasi nzima, hajui pampu hata moja kwa namba yake. Mimi ni wa kusoma. Miaka ishirini na miwili nimeitazama rula ile, na sijawahi kusogeza tone la maji.

Jumanne, 19 Machi

Mita moja na themanini. Viatu havikauki.

Jumamosi, 23 Machi

Nimeshuka bondeni kumwona wifi yangu, mke wa Kitinda. Anapiga pasi nguo za watu. Nyumba yake ni ya tatu kutoka mtaroni, na kizingiti chake kiko chini ya barabara. Kwenye msumari mlangoni pametundikwa mashati manne ya marehemu, yamenyooshwa. "Kila Jumamosi nikimaliza ya watu nayapiga na haya," alisema. "Usinicheke."

"Nani atakucheka, wifi?"

Mtoto wao, wa miaka minne, alikuwa ananihesabia vidole. Wifi akaniuliza, "Hiyo kazi yake wataitupa?"

"Tunaiainisha kwanza."

"Wasiitupe, wifi. Huyu siku moja ataniuliza baba yake alifanya nini. Nitamwonyesha nini, pasi?"

Nikamwambia haitatupwa. Nilisema kana kwamba ni mimi ninayeamua.

Jumatano, 27 Machi

Mvua. Mita moja na sabini, pampu zimewaka zenyewe mara mbili jana, zikazima zenyewe. Huwa zinawaka maji yakipita mita mbili.

Kadi zilizobaki ni nne, kisha tatu, kisha moja. Ya hamsini na tisa, somaKina. Niliiruka mara kadhaa bila kujiambia kwamba ninairuka. Juu ya karatasi yake pana tarehe, 11 Januari. Siku hiyo Kitinda alikuwa ameketi kwenye kiti hiki, amevaa sweta langu la zambarau kwa sababu ya baridi ambayo sisi wengine hatukuisikia. Nilimwambia aende nyumbani. Akasema, "Dada, namalizia hii moja." Kesho yake tulimpeleka hospitali, na siku ya tisa akafa.

Mtaalamu alipiga simu, alikuwa kwenye kazi nyingine mjini. "Mama, zimebaki ngapi?"

"Hii ya somaKina tu."

"Umeifungua ukaisoma ndani?"

Karatasi ilikuwa imelala kifudifudi. Nikasema, "Hii naijua, mwanangu. Nilikuwa nimekaa naye siku aliyoiandika."

Ni kweli nilikuwa nimekaa naye. Nikaandika KUSOMA kwenye kadi, nikaitia kwenye rundo lake. Karatasi sikuigeuza. Nitaigeuza siku nyingine, siku yenye jua.

Jumanne, 2 Aprili

Marundo yametimia. Za kuunda nne, za kusoma ishirini na moja, za kubadili kumi na tisa, za kufuta tatu, za klasi nzima tano, za ndani kumi na moja. Mtaalamu alinipigia makofi mezani. Meneja ameisoma ripoti na kusema programu inaeleweka, kwa hiyo inabaki. Tena amefurahi kusikia kwamba za kusoma hazina madhara, akataka afunguliwe kwenye simu yake. Mtaalamu amemfungulia leo. "Sasa shimo naliona nikiwa mezani kwangu," Meneja alisema. "Kila nikitaka, nabonyeza tu."

Grisi akanong'ona, "Akilichoka ataomba aone na choo."

Nilishuka bondeni kumwambia wifi kwamba inabaki. Alikaa chini na pasi mkononi mpaka ikaanza kuunguza mkeka.

Ijumaa, 5 Aprili

Jua kwa muda wa saa moja tu. Nimeanika viatu.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua imeanza saa tano asubuhi, nene, bila upepo. Ile ya upepo hupita. Hii ilisimama juu yetu.

Saa sita nilisikia kimya, na sikujua kuwa ni kimya. Mtu aliyezoea pampu haisikii inapowaka, wala haisikii isipowaka. Nilikuwa najaza fomu za mwezi. Saa nane kamili nikatoka kusoma rula, na sikuona ila ncha yake ya juu. Alama ya mita mbili ilikuwa chini ya maji. Niliinama mpaka Grisi akanishika mkanda. Mita mbili na sabini. Maji yanaanza kurudi mitaroni yakifika mbili na nusu.

Nikakimbilia kompyuta. Nayo iliandika mita mbili na sabini, bila kukosea hata sentimita. Ilikuwa inajua. Ilijua na imekaa, na chini ya namba hiyo pampu nne zimeandikwa ZIMEZIMWA.

"Washa kwa mkono!" nilimwambia Grisi, lakini alikuwa ameshashuka ngazi. Ya kwanza iliwaka. Ya pili ikawaka. Valvu ya tatu ilikuwa imeng'ang'ania, akaipiga nyundo huku anaitukania ukoo mzima. Simu ikalia, ni Meneja. "Mnafanya nini huko? Naangalia hapa tangu saa tano! Kila dakika mbili nabonyeza, namba inapanda tu!"

"Tunawasha kwa mkono, bosi."

"Kwa mkono? Kwa nini kwa mkono?"

Nikaweka simu chini, nikarudi shimoni. Maji yalishuka chini ya mbili na nusu saa kumi.

Saa kumi na moja nikashuka bondeni. Barabara ilikuwa imekuwa kahawia, inatembea. Milango ilikuwa wazi kwa sababu maji yalikuwa yameshaingia na hakuna tena cha kuzuia. Wifi nilimkuta amesimama juu ya meza ya pasi, mtoto mgongoni, maji yakifika karibu na ubao. Mashati manne aliyavaa yote, moja juu ya jingine. Pasi ilikuwa chini huko.

"Si ulisema programu imebaki?" aliniuliza.

Jirani aliyekuwa anasukuma godoro lake kama mtumbwi akasema bila kutugeukia, "Imebaki. Ndiyo iliyotuzamisha."

Nyumba ishirini na sita. Hakuna aliyekufa. Naandika hivyo mara mbili kwa sababu njiani nilikuwa nairudia: hakuna aliyekufa. Nimekuja na wifi na mtoto kwangu. Mtoto amelala, anakohoa.

Jumatano, 10 Aprili

Meneja amewaambia viongozi wa mtaa kwamba tatizo ni programu ya marehemu. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesema mvua ilikuwa kubwa.

Alhamisi, 11 Aprili

Mtaalamu amefika asubuhi, macho mekundu. Alikaa na kompyuta kutwa nzima, kisha akaniita. "Mama, naomba ile karatasi ya hamsini na tisa."

Nikaitoa chini ya rundo. Ilikuwa bado kifudifudi. Nikaigeuza.

Katikati ya mistari ya programu kulikuwa na mistari minne ya maneno ya kawaida, ambayo mtu huwaandikia watu wengine na kompyuta haiyasomi. Nayanakili hapa.

"Angalizo: hii inasoma kina NA inashusha alama ya maji juu. Aiite washaPampu peke yake. Akiiita mwingine alama itashuka mapema na pampu hazitajua. Nimezibana pamoja kwa sasa, nikipata nafuu nitazitenganisha."

Mtaalamu alinieleza taratibu, nami nikaelewa haraka kuliko nilivyotaka. Maji yakipita mita mbili, alama inasimama ndani ya programu mara moja tu. Kila baada ya dakika tano washaPampu inakuja kuuliza. Ikiikuta alama imesimama, inawasha pampu, na alama inashuka pale pale ili pampu zisiamriwe kuwaka mara ya pili. Nilikumbuka mwaka jana mota ya pili ilivyoungua, Grisi akisema imeamriwa mara mbili kama mtumwa. Kitinda alikuwa anaponya hilo. Kwa hiyo aliyeuliza kwanza ndiye aliyeichukua alama. Na Jumanne aliyeuliza kwanza alikuwa Meneja, mezani kwake, kwa kidole chake, kila dakika mbili. Pampu zilipokuja kuuliza zilijibiwa namba, lakini alama haikuwepo.

"Kwa hiyo si ya kusoma," nikasema.

"Inasoma na inabadili. Ilitakiwa kukaa kwenye kubadili, kwa sababu mbinu huainishwa kwa inachofanya. Jina aliipa vibaya, hilo ni kosa lake. Kutoifungua ni kosa langu. Nilikuwa na kazi nyingine mjini, nikaona wewe unaijua."

Kosa la kwangu hakulitaja. Lilikuwa juu ya kadi, kwa mwandiko wangu, herufi kubwa.

Grisi alikuwa mlangoni anafuta mikono. Mtaalamu alishusha sauti. "Kikao ni Jumatano. Mimi bado niko kwenye majaribio, mama. Haya maneno ya angalizo si sehemu ya programu. Mtu akiyafuta, hakuna kinachobadilika. Programu itaenda vilevile." Akaifunga kompyuta. "Sisemi tufanye. Nasema inawezekana."

"Dada," Grisi akasema, "una midomo mitatu nyumbani sasa. Marehemu hafukuzwi kazi."

Nimerudi nyumbani bila kumjibu yeyote. Mita moja na hamsini. Hakuna mvua.

Ijumaa, 12 Aprili

Mtoto bado anakohoa. Daktari kasema kifua, atapona.

Jumapili, 14 Aprili

Nilikuwa nachambua mchele, wifi anakamua nguo. Akaanza kusema bila kuulizwa.

"Leo nimepita bombani, wakanyamaza wote. Zamani nilikuwa najivunia, wifi. Mafuriko ya mitaa mingine nikiyasikia nasema moyoni, hapa kwetu yuko mume wangu. Sasa nainamisha kichwa." Akakung'uta shati. "Lakini ukweli, alikuwa mtu wa haraka. Hata kitasa cha mlango alikifunga juu chini. Nilimwambia mara ngapi, tulia. Hakuwa anamalizia vitu."

"Alikuwa anamalizia," nikasema.

"Wewe ni dada yake."

Kitasa kile nilikifunga mimi. Siku ile Kitinda alikuwa amesafiri. Sikumwambia, nikaendelea kuchambua mchele. Nilikuwa nimejidanganya kwamba marehemu haumii, kwamba ukimtwika mzigo ameshatua vyote. Kumbe yumo humu ndani, kwa mkewe, na siku hizi nne tu ameshaanza kugeuka mtu mwingine. Akimfikia mtoto atakuwa mzembe kabisa.

Jumatatu, 15 Aprili

Mita moja. Nimempigia Mtaalamu: usifute. Akasema, "Sikuwa nimefuta, mama." Kisha, "Asante." Nilisikia anapenga makamasi.

Jumatano, 17 Aprili

Kikao kilikuwa makao makuu, chumba chenye viti laini. Meneja, wakubwa wawili nisiowajua, Mtaalamu, Grisi na mimi. Meneja alieleza kwa upole kwamba programu ilikuwa na kasoro ya mwandishi wake, Mungu amrehemu.

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. Nikasimama, ingawa wengine walikuwa wanasema wamekaa. Nikasoma ile mistari minne. Kisha nikaweka kadi ya hamsini na tisa mezani. "Yeye alionya. Mimi niliulizwa kama nimeifungua, nikasema naijua. Sikuifungua."

"Kwa nini?" mmoja wa wakubwa akauliza.

"Ndiyo ya mwisho aliyoandika. Sikuweza kuitazama."

Mtaalamu naye akasimama, akasema kazi ya kufungua ilikuwa yake na ripoti ina sahihi yake. Meneja alikuwa anaitazama simu yake, haijawashwa, ameishika kwa vidole viwili kama kitu chenye moto. "Kwa hiyo kila nilipobonyeza…"

"Hukujua, bosi. Mimi ndiye niliyesema haina madhara."

"Nilikuwa na wasiwasi na watu wa bondeni," alisema. "Ndiyo maana nilikuwa naangalia." Na kwa mara ya kwanza nikamwona kama mtu.

Uamuzi: Mtaalamu amepewa onyo. Mimi natolewa kituoni, nahamishiwa chumba cha mafaili makao makuu, cheo kimoja chini. Grisi alinisindikiza mpaka nje. Nilingoja utani, hakuwa nao. Alinishika tu bega, na koti langu jeupe sasa lina alama ya mkono ambayo haitatoka.

Wifi nilimwambia jioni hiyo hiyo, kabla sijavua viatu. Nilimsomea mistari yote minne, kisha nikamwambia nani aliandika ile kadi. Na kitasa pia.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Hapo mwisho."

"Nikipata nafuu nitazitenganisha."

"Kumbe alitegemea kupona," alisema. "Mimi aliniambia anajua hatapona. Alinidanganya ili nijiandae." Akafunika uso kwa shati alilokuwa anakunja. Nilipomkaribia akanyoosha mkono kunizuia. "Usinishike, wifi. Si leo."

Ijumaa, 19 Aprili

Wifi na mtoto wamerudi bondeni. Kuta bado zina mstari wa matope. Amekataa nimsindikize.

Ijumaa, 3 Mei

Mafaili. Hakuna dirisha, sijui kama mvua inanyesha.

Jumatatu, 20 Mei

Mvua zimekwisha. Mtaalamu alipita chumbani kwangu kunionyesha. Zile zilizobanwa amezitenganisha: somaKina sasa inasoma tu, na nyingine, shushaAlama, inashusha, nayo ni ya ndani, haiitwi na mtu wa nje. Kwa hiyo mbinu ni sitini na nne. Nilimwuliza nani amekalia kiti cha mguu mfupi. Akasema rula sasa anaisoma Grisi, huku anaitukana.

Jumamosi, 25 Mei

Nimeshuka bondeni bila kualikwa. Wifi alifungua mlango. Hakunikaribisha ndani, wala hakuufunga. Mtoto aliita "Shangazi!" kutoka nyuma ya sketi yake.

Nikasema nimekuja kuomba msamaha tena.

"Mimi umeshaniomba," alisema. "Unayo ile karatasi?"

Nilikuwa nayo, ile niliyonakili.

"Basi twende bombani. Wale waliosema, wasomee wao."

Alibeba beseni kubwa la mikono miwili, nikamfuata. Foleni ilikuwa ndefu, ya watu wa Jumamosi, ndoo kwa ndoo. Yule jirani wa godoro alikuwepo. Wifi akaweka beseni chini ya bomba bila kungoja zamu yake, akafungua maji, na hakuna aliyelalamika. "Huyu ni dada wa mume wangu," alisema kwa sauti. "Ana neno."

Nikasoma. Sauti yangu haikutosha mwanzoni, mtu akasema "hatusikii," nikaanza upya. Nikaeleza alama, nikaeleza nani anaruhusiwa kuuliza, nikaeleza rundo la kusoma na rundo la kubadili. Walisikiliza vizuri kuliko wakubwa wa kwenye viti laini. Nyumba zao ndizo zilizolowa.

Yule jirani akauliza, "Kwa hiyo marehemu alikataza. Sasa nani aliyeitia kwenye rundo lisilo lake?"

"Mimi," nikasema.

Beseni lilikuwa limejaa, maji yanamwagika miguuni mwetu, na wote walikuwa wananitazama mimi. Wifi alinyoosha mkono akafunga bomba. Kisha akainama, akashika mkono mmoja wa beseni. Ule wa pili aliuacha upande wangu, akangoja.